Uso wa Mwajabu Kabla ya Arobaini

Usiku wa jana niliota nimeamka na hasira zile zile nilizolala nazo, na mjukuu wangu hana pua.

Hasira nizieleze kwanza, maana ndoto ilizikuta tayari. Mjukuu wangu Mwajabu ana siku ishirini na mbili. Kwetu hapa Korogwe mtoto hatolewi nje mpaka atimize arobaini. Anakaa ndani na mama yake, pazia limeshushwa, na anayeingia kumwona ni wa nyumbani tu, tena awe amenawa mikono, na aseme mashallah kabla hajamfunua. Wengine wanatucheka. Mimi naona ni adabu. Mtoto bado mgeni, hajazoea kutazamwa.

Sasa jana asubuhi niko bombani, ndoo ya kwanza imejaa, ya pili nimeiweka, jirani yangu Mama Zaituni ananiambia, "Hongera Bi Sikudhani. Mjukuu mzuri! Na kile kishimo cha shavu la kushoto, mashallah, ni babu yake mtupu."

Mama Zaituni hajakanyaga kwangu tangu mtoto azaliwe. Nikamuuliza kishimo amekiona wapi.

Akacheka. "Kwenye simu, mwenzangu. Mbona tumeona wote?"

Niliacha ndoo pale pale. Nikamkuta Hidaya, mke wa mwanangu, amempakata mtoto, simu yake iko juu ya mto. Sikuuliza. Nilisema yote. Nikamwambia amemwanika mtoto kama dagaa. Nikamwambia hana haya, na waliomlea hawana haya. Akalia. Akasema, "Mama, wallahi si mimi." Nikamwambia asiniapie. Ilipofika saa ya kumkanda tumbo kwa maji ya moto, kazi ambayo sijaikosa hata siku moja tangu ajifungue, sikwenda. Maji nikayaacha jikoni yakapoa. Nikalala.

Basi kwenye ndoto ni asubuhi. Naingia chumbani kwa Hidaya. Yeye amelala ameelekea ukutani. Mwajabu yuko katikati ya kitanda, amefungwa kwenye kanga ya zambarau niliyoikata mwenyewe vipande viwili. Namfunua. Pua haipo. Nyusi hazipo. Macho yamezibika. Mdomo umebaki mstari. Uso umelika kama kipande cha sabuni cha kwenye bomba la watu wote, kile ambacho kila mmoja anakipitisha mkononi na hakuna anayejua nani alikileta.

Mtoto hakulia. Nadhani hakuwa na pa kulilia.

Kwenye kigoda kando ya kitanda ameketi simu yangu. Amekunja miguu, anakula kiporo changu cha mihogo, na chai amejimiminia kwenye kikombe changu chenye ua.

"Karibu mihogo," akasema.

"Uso wa mjukuu wangu uko wapi?"

"Umetazamwa," akasema. "Kitu kikitazamwa sana kinakwisha. Kila aliyeona kaondoka na kidogo chake."

"Nani kawaruhusu?"

"Bi Siku, mimi ni mlango. Mlango hauulizi mtu anakwenda wapi."

Nikampiga kofi. Akayumba, akajipangusa kioo, akachukua kipande kingine cha muhogo. "Hasira zako ziko asilimia tisini na mbili," akasema. "Zinatosha kwenda na kurudi. Nenda Ofisi ya Macho, ndiko vinakorudishwa vilivyotazamwa. Lakini huendi hivyo hivyo. Nia yako iko wapi?"

"Nia iko moyoni."

"Ya moyoni hatuioni. Iweke hapa."

Nikapapasa pindo la kanga, pale ninapofungia funguo. Nikafungua fundo. Funguo hazimo. Mna kifaranga. Kifaranga wa siku moja, rangi ya jivu, amelowa, anatetemeka. Nikamweka kiganjani.

Simu akamwinamia. "Hii ndiyo nia yako? Ndogo, kwa mtu wa umri wako."

"Ni ya asubuhi hii hii."

"Basi ishike vizuri. Ikifa, uso haurudi. Mtoto atakua hivyo hivyo, na shuleni watamwandikisha kwa kisogo."

Kifaranga akanitazama kwa jicho moja. "Bibi, tunakwenda kufanya nini?"

"Kurudisha uso wa Mwajabu."

"Haya."

Nikafungua mlango wa uani. Uani hapakuwapo. Palikuwa na barabara imesimama wima kama ukuta, na mbele yake watu wamejipanga, kila mmoja anaisukuma kwenda juu kwa kidole gumba. Hakuna anayetembea. Barabara inapanda, na vilivyoko chini vinakuja vyenyewe. Nikatafuta nafasi, nikaanza kusukuma.

Anakuja mtu anaanguka na baiskeli. Anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Hana kazi nyingine. Nasukuma. Anakuja mwanamke anapika pilau kwenye sufuria kubwa kama kisima, anakaanga vitunguu kwa koleo, na mimi najikuta nasogea nione bizari anaiweka saa ngapi. Nasukuma. Anakuja mwanamume amesimama kando ya kaburi, udongo bado mbichi, anajipiga picha, anatafuta upande wa uso unaopendeza. Nikamtukana. Akanishukuru sana, akasema hata matusi yanamsaidia.

Nikasukuma nikiwa na hasira. Ndipo nikafika kwenye ugomvi.

Wanawake kama mia mbili, simjui hata mmoja, wanabishana kama maharage ya nazi yatiwe sukari au yasitiwe. Mimi nilikuwa na safari yangu. Lakini mmoja mwenye kilemba cha kijani akasema anayetia sukari hakufundwa. Mimi natia sukari. Robo kijiko tu, kama alivyokuwa akitia mama yangu. Nikasimama.

"Unasema nani hakufundwa?"

"Kwani wewe nani? Kama kiatu kinakutosha, kivae!"

"Na wewe vua hicho kilemba tuone kama ndani mna kichwa!"

Watu wakapiga vigelegele. Nikaona raha, sikatai. Nikamwambia hakufundwa yeye, na mama yake, na huyo aliyemfunda mama yake. Akanijibu. Nikamjibu. Wakaja wengine upande wangu, siwajui, wananiita "mama yetu". Wakaja wengine upande wake, wananiita mchawi. Jua likapanda likashuka, likapanda tena, nami koo limekauka na bado nina la kusema.

Nilipotaka kuinua mikono yote miwili ili nimwapize vizuri, niliona kiganja changu kitupu.

Nikapekua chini ya miguu ya wale wanawake. Hakuna anayesogea, wanabishana tu. Nikaivuta barabara kurudi chini kwa kidole kile kile, nikapita kaburi, nikapita sufuria, nikapita baiskeli. Nikamkuta kifaranga mlangoni, pale pale nilipoanzia. Amekaa anasubiri. Hakuwa amepotea. Mimi ndiye niliyeondoka. Na amepungua, amekuwa saizi ya punje ya njugu mawe.

"Bibi," akasema kwa sauti nyembamba, "tulikuwa tunakwenda kufanya nini?"

Nikafikiri. Naapa nilisimama pale nikafikiri. Nikakumbuka sukari, nikakumbuka nazi, nikakumbuka kilemba. Lile jina likakaa mbali, kama mtu anayeita akiwa ng'ambo ya mto.

"Mwajabu," nikasema. "Uso."

"Umechukua muda."

"Nilikuwa nawajibu watu."

"Kuhusu nini?"

"Maharage."

Kifaranga akanigeuzia kisogo. Ningependa angenitukana.

Safari hii nikamtia mdomoni, chini ya ulimi, nisiweze kumjibu mtu yeyote. Nikasukuma barabara nimefumba jicho moja. Mwenye kilemba cha kijani akaniona napita, akaita, "Mama Sukari huyo anakimbia! Kibogoyo wee!" Nina meno sita, sita ya kwangu. Nikayauma yote sita, taratibu, nisimuumize kifaranga, na nikapita. Hilo ndilo jambo gumu kuliko yote niliyofanya kwenye ndoto hiyo, na katika mambo niliyofanya nikiwa macho naliweka katika matano ya kwanza.

Barabara ikakatika. Nimo ndani ya chumba nilichosomea darasa la tatu. Madawati yale yale, na langu bado lina shimo la msumari. Ubaoni wameandika kwa chaki OFISI YA MACHO, na penye madirisha pana macho makubwa yanapepesa kwa zamu. Kwenye meza ya mwalimu amekaa karani. Ni kidole gumba, kikubwa kama gunia la mchele, amevaa tai.

"Nia," akasema, bila salamu.

"Hata shikamoo huna?"

"Shikamoo. Nia."

Nikamtoa kifaranga mdomoni, nikampangusa kwa kanga, nikamweka mezani. Karani akampima kwa rula.

"Sentimita moja na nusu. Tamka."

"Nataka uso wa mjukuu wangu. Na nataka kumjua aliyeutoa nje. Nikimjua, nitamfanyia kitu ambacho hata hayo macho yako hayatapenda kukiona."

"Hizo ni nia mbili," akasema karani.

Kifaranga akaanza kupasuka katikati, polepole, kama andazi.

"Uso!" nikapiga kelele. "Uso kwanza!"

Akaungana. Karani akaandika, akagonga kengele ya shule, na waliotazama wakaanza kuingia.

Muuza dagaa wa stendi akarudisha sikio la kulia. Alisema alitazama akiwa anasubiri kunyolewa, hakuwa na nia mbaya, hakuwa na nia yoyote. Mabinti wawili wakarudisha nyusi, kila mmoja na wake, wakaniomba samahani huku wanatazama kwingine. Kisha akaingia mwanamume nisiyemjua, nadhifu, amechana nywele, ameshika pua ya Mwajabu kwenye kitambaa.

"Wewe unamjua mjukuu wangu?"

"Hapana, Bibi."

"Unanijua mimi?"

"Hapana. Nilikuwa chooni, nikatumiwa, nikaona, nikapita."

"Pua ya mtoto wa siku ishirini umeingia nayo chooni?"

"Bibi, watu wengi wanatazamia huko," akasema kwa upole, kama mtu anayenielekeza njia. Nikampokonya.

Wengine wakaleta sikio la pili, mdomo na kidevu. Wa mwisho akawa Mama Zaituni. Aliingia amejitanda vizuri, anatembea ubavu ubavu, na nilipomgeuza nikaona kile kishimo kiko kwenye shavu lake la kushoto.

"Kitoe."

"Kinanipendeza lakini. Hebu niangalie."

"Mama Zaituni, kitoe."

"Nikae nacho mpaka Idi tu, halafu nitakirudisha mwenyewe kwa mkono wangu. Mbona una roho ya kwa nini?"

Nikalishika shavu, nikavuta. Kishimo kikatoka na mlio kama kizibo cha chupa. Akasema amenisamehe. Sikuwa nimemwomba.

Nikapanga vyote mezani juu ya kanga. Sikio, sikio, nyusi, pua, mdomo, kidevu, kishimo. Uso ulikuwa umekaribia. Ulibaki na matundu mawili.

"Macho hayapo," nikasema. "Nani kayachukua? Mwite!"

Karani akafunua ukurasa. "Sikudhani binti Shemhilu."

"Huyo ni mimi. Mimi ni bibi yake."

"Kwa siku moja alitazama picha mara tisini na sita," akasoma, sauti ile ile. "Siku hiyo hiyo alimtazama mtoto mwenyewe mara nne. Katika mara ya tatu mtoto alikuwa analia, naye akamwambia anyamaze, kwa sababu alikuwa anatazama picha yake."

Yale macho ya dirishani yaliacha kupepesa, yakanitazama yote.

Nikataka kusema uongo, nikakosa uongo wa kusema. Nilipokosa nikakasirika zaidi, maana ilikuwa kweli. Nikaikasirikia ile rula. Nikaikasirikia tai yake. Kisha nikavua miwani, nikapapasa, na kumbe nilikuwa na macho manne. Mawili madogo yalikuwa yamekaa juu ya yangu, yamelowa, yamekosa usingizi. Nikayabandua polepole kwa ncha ya kucha. Nikayaweka mahali pake.

Uso ukapepesa.

"Haya," nikamwambia karani. "Uso tayari. Sasa nitajie huyo mshenzi aliyeutoa."

Karani akautazama mkono wangu wa kulia. Nikautazama na mimi. Kidole changu gumba kilikuwa kimenyooka juu, kama mwanafunzi anayeomba kwenda haja.

"Ni mimi," kikasema.

"Wewe nani?"

"Mimi. Juzi jioni ulikuwa umetoka kumkanda Hidaya, nikiwa nimejaa mafuta ya nazi. Ukaona dada yako Mwantumu kule Handeni anaumwa nyonga, hawezi kuja kumwona mtoto, na yeye ni wa nyumbani. Ukapiga picha. Ukaniambia niguse jina lake. Nikateleza."

"Ukateleza ukaenda wapi?"

"Kwenye stetasi, wanapotazama wote."

"Na ukanyamaza?"

"Hukuniuliza. Ulikwenda kwa Hidaya, na hata yeye hukumuuliza."

Nilitafuta kitu cha kupiga. Ukitaka kupiga kidole chako mwenyewe unakosa pa kusimama. Nikakaa kwenye dawati langu la darasa la tatu, magoti yananigusa kidevu.

"Mlango lazima ufungwe," karani akasema. "La sivyo uso utatoka tena. Kinachofungua mlango ni mistari ya hicho kidole. Tunaichukua."

"Kidole hiki kilitiwa wino siku ya ndoa yangu! Hiki ndicho nilichopigia kura tangu ujana wangu!"

"Kidole utabaki nacho. Utapikia, utakandia, utashikia mtoto. Mistari tu."

Nikampa. Nilimtukana muda wote, lakini nilimpa. Akashika ncha ya mstari wa nje, akavuta, na mistari ikafumuka mmoja baada ya mwingine, kama ukili wa mkeka uliokosewa kushonwa. Haikuuma. Ilikuwa inasisimua, kama sisimizi wanahama. Akaisokota yote ikawa donge dogo, akaliweka mezani. Kifaranga akalidonoa, akalimeza zima zima, na hapo hapo akaota manyoya, akawa kuku mzima mwenye haya.

"Bibi," akasema, "tumemaliza tulichokuja kufanya?"

"Tumemaliza."

Akaruka, akatoka nje kupitia jicho la pili kutoka mlangoni. Jicho likajipangusa.

Nikaamka.

Kumekucha kabisa, nje watu wanafagia. Mwajabu analia chumba cha pili, kilio kizima, cha mtu mwenye pua. Mkono wangu ulikwenda kwenye simu kabla sijauambia kitu, kama unavyokwenda kila asubuhi. Nikaweka kidole gumba pale pa kufungulia. Ikatetema, ikakataa. Nikakipangusa kwenye kanga, nikaweka tena. Ikakataa. Nikakiramba, nikakikausha, nikaweka. Mara ya tano ikaniandikia nisubiri sekunde thelathini.

Sikusubiri. Nilikwenda kwa Hidaya nikiwa hivyo hivyo, sijajitanda, sijanawa uso.

"Shikamoo mama," akasema, bila kunitazama. Alikuwa anamnyonyesha mtoto.

"Marahaba. Hidaya, picha niliitoa mimi. Nilikuwa nampelekea Mwantumu, mkono una mafuta, ikaenda kwa watu wote. Si wewe. Nilikutukana bure, na nikawatukana na wazazi wako."

Mtoto akaachia ziwa, akalishika tena.

"Jana nimelia mpaka maziwa yakapungua, mama."

"Najua."

"Hujui."

"Sijui," nikasema.

"Usiku mtoto alikuwa anavuta hapati. Mimi nafikiri, hata nikiapa na msahafu mkononi, huyu mama haniamini."

Ana haki ya hasira zake, nami sikumwomba azipunguze. Nikamnyooshea simu. "Nisaidie kuifungua, niifute kama bado ipo. Kidole changu inakikataa."

"Itakuwa mafuta," akasema, kwa ukali. "Lete hapa."

Akakishika kidole changu gumba, akakisugua na upindo wa kanga yake. Akakisogeza kwenye mwanga unaopita pembeni mwa pazia. Akakigeuza huku, akakigeuza huku. Kisha akakiweka karibu na chake, akatazama kimoja, akatazama kingine, na ule ukali wote ukamtoka usoni.

"Mama," akasema taratibu, "mbona kiko laini hivi, kama ganda la yai? Mistari yake imekwenda wapi?"

Nilimsikia. Lakini nilikuwa namtazama Mwajabu, mara ya kwanza kwa leo, na bado sikuwa nimemaliza.